Mwalimu nimekwama, kuna mtoto naona ana ADHD (ile hali ya kukosa umakini ama kutotulia), nifanye nini?

Ticha_G3: Habari za jioni wadau. Nafunza Grade 3 shule moja ya private huku Eastlands, watoto 47. Niko na kijana wa miaka 8, hatulii. Somo ni dakika 30, yeye ikifika dakika ya tano ashafungua shapna kwa meno anatafuta skrubu. Anajibu swali sijamaliza kuuliza, sweta tatu zimepotea term moja. Lakini siku tulipanda maharagwe kwa mikebe alikaa nayo hadi breki ikaisha. Nimesoma soma nikajua ni ADHD, sasa mamake ananiona adui. Mwalimu afanye nini?

Kamnyweso: Enzi zetu hiyo ilikuwa inatibiwa na fimbo ya mpera, dakika mbili umepona. Mimi nilichapwa kutoka darasa la kwanza hadi la nane na niko sawa.

MamaPili: @Kamnyweso uko sawa na tunakujua hapa kwa picha za chupa saa nne asubuhi? Viboko vilipigwa marufuku 2001.

Daktari_Mdogo: Ticha, hapo kwa "nikajua" ndio shida iko. Mwalimu hapimi, anaona na kuandika: amefanya nini, saa ngapi, somo gani, mara ngapi. Dalili lazima zikae miezi 6 na zaidi, zianze kabla ya miaka 12, na zionekane shule na nyumbani pia, si kwa darasa lako peke yake. Daktari anakuhitaji sana juu huyo mtoto akiingia ofisi mgeni anaweza kaa kama malaika. Hayo maharagwe hayaonyeshi hana ADHD, wengi wenye nayo wakipata kitu wanapenda wanazama kabisa. Lakini angalia kwanza masikio, macho, analala saa ngapi, amekula. Na amezaliwa mwezi gani? Mdogo wa darasa mara nyingi anabandikwa jina na ni utoto tu.

BabaMapacha: Wangu alikuwa kimya. Anaangalia dirisha, ripoti inasema "msichana mpole, ajitahidi". Mpaka Grade 6 ndio mwalimu mgeni akaniita akaniuliza kama tumewahi mpeleka apimwe. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwona juu hakuwa anasumbua mtu. Na karo nalipa.

MamaPili: Pole baba. Ticha, mamake amekasirikia nini haswa? Ulimwambia aje?

Ticha_G3: Nilimwandikia tu kwa dayari.

MamaPili: Uliandika nini?

Ticha_G3: Sawa. Niliandika "Mtoto ana ADHD, atafutiwe dawa ndio arudi darasani." Kwa peni nyekundu, ndiyo ilikuwa karibu. Sasa ni wiki ya pili haji. Lakini hebu nanyi kaeni na watoto 47 mmoja anazunguka kama pia mwone mtaandika nini. Nimeshaongea na hedi ahamishwe stream ile ingine, mwalimu wa huko ni mkali, nadhani itamsaidia.

Daktari_Mdogo: Umempima, ukamwandikia dawa, ukamfukuza, yote kwa mstari mmoja. Mwombe mamake msamaha, halafu waende EARC, kile kituo cha serikali cha kupima watoto, ama KISE, taasisi ya elimu maalum hapo Kasarani, wanapima. Akirudi mkalishe mbele, mbali na dirisha, mpe agizo moja moja, mtume chaki akanyooshe miguu. Ukali haubadilishi kitu.

Mpelelezi254: Wasee ngojeni. Si ni Agosti? Shule zimefungwa. "Wiki ya pili haji", anakosa shule gani? Hii ni hekaya, mnalishwa na mnashukuru.

Ticha_G3: Si hekaya!! Tuko na tuition ya likizo.

Mpelelezi254: Ahaa. Ile imekatazwa na sheria?

BabaMapacha: Wanaitisha ngapi? Mimi nimeambiwa 3,500 na bado wanataka rimu ya karatasi.

Kamnyweso: Viboko marufuku, tuition marufuku. Nangoja waifikie chaki.

Ticha_G3: Aki turudi kwa mtoto. Nikitaka kuandikia hao watu wa EARC naandika aje?

Daktari_Mdogo: Neno ADHD lisitokee hata mara moja. Andika shapna, andika sweta, andika maharagwe, na tarehe. Hiyo ya dayari iache venye iko.

Ticha_G3: Hiyo page nimeshaitoa.

MamaPili: Kwani dayari iko na wewe? Mamake aliisoma saa ngapi?

Mpelelezi254: Nilisema.

Ticha_G3: Aliisoma akasaini, kijana akaileta asubuhi ndio mara ya mwisho kumwona. Na chini ya sahihi aliandika "Ni wa Desemba, mwalimu. Ndiye mdogo wenu."

Daktari_Mdogo: Na mimi nilikuuliza.