Naomba ushauri: sauti katika matembezi ya uhalisia pepe ya Mji Mkongwe

Mleta mada: Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninatengeneza kwa Unity, programu ya kuundia michezo ya kompyuta, matembezi ya uhalisia pepe katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar. Picha zinaridhisha, lakini sauti nilizorekodi kwa stereo hazitulii mahali pake: mtu aliyevaa miwani akigeuza kichwa kumtafuta muuza kahawa, mlio wa vikombe humfuata na kubaki katika sikio lilelile. Je, ninunue maikrofoni ya gharama kubwa? Ningependa pia adhana imwongoze mgeni hadi msikitini.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu yangu, usinunue kitu kwa sasa. Sisi hutambua upande wa sauti kwa tofauti ya muda wa kufika kwenye masikio mawili, tofauti isiyozidi takriban milisekunde 0.7, na kwa jinsi kichwa kinavyozuia hasa sauti nyembamba. Kwa chanzo kilicho mbele au nyuma kabisa tofauti hizo hupotea, na hapo umbo la sikio la nje pamoja na kule kugeuka kwenyewe ndiko kunakotuamulia. Rekodi ya stereo haiwezi kukokotoa upya mambo hayo kichwa kinapogeuka. Rekodi kila chanzo peke yake, kwa mono (chaneli moja tu) na kwa karibu, kisha ukipachike mahali pake kichochoroni na uiachie Steam Audio, programu ya bure ya kukokotoa sauti inatoka upande gani, ifanye hesabu. Programu za aina hii hutegemea vipimo vya kichwa na masikio, kama vile vya kichwa cha sanamu vilivyotolewa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 1994, na kwa kuwa masikio ya watu hayafanani, wape watu kadhaa wasikilize kabla ya kuridhika.

Mchangiaji wa pili: Naafiki, isipokuwa kuhusu adhana. Katikati ya kuta ndefu za mawe na chokaa, adhana hupita juu ya mapaa na kurudishwa na ukuta ulio karibu, na kwa kuwa sikio huamini sauti iliyotangulia kufika, mgeni huweza kuusikia msikiti upande usiokuwa wake. Ukiiweka bila vizuizi itapenya kuta kana kwamba ni za karatasi. Washa hesabu ya vizuizi na ya mwangwi, ukubali kwamba ndani ya kichochoro atababaika, na umwache aupate mwelekeo anapofika njia panda. Huo ndio Mji Mkongwe wenyewe, na binafsi nisingeuondoa ugumu huo.

Mleta mada: Nashukuruni sana. Vipi kuhusu uvumi wa jumla wa mji, yaani mchanganyiko wa sauti usio na chanzo kimoja?

Mchangiaji wa tatu: Huo ndio unaofaa kwa ambisoniki, mbinu ya kurekodi sauti za pande zote kwa pamoja iliyoendelezwa Uingereza na Michael Gerzon na wenzake katika miaka ya 1970. Kiwango chake cha kwanza hutumia chaneli 4 na huzungushwa kinyume cha kichwa, ingawa uvumi huo haufuati hatua za mtembeaji. Kwa hiyo uweke kwa sauti ya chini, nyuma ya sauti zako za mono. Maikrofoni yake unaweza kuazima kwa siku moja. Na wasikilizaji watumie hedifoni za waya, kwa sababu Bluetooth huchelewesha sauti.