Fonti nene ya brashi, ya mlazo, yenye mikwaruzo: ipi inafaa jina la bango?

KalamuNzito:
Wakuu, nina bango la tamthilia iitwayo "Maharamia wa Ng'ambo". Nataka herufi nene zilizolala, zionekane zimepigwa kwa brashi iliyoanza kuishiwa wino. Nimepanga jina hilo kwa fonti tano, nikachapa, nikabandika ukutani na kusogea nyuma.

Brush Script ya Robert E. Smith (1942) inalala vizuri na herufi zinashikana, ila kingo ni laini mno. Mistral ya Roger Excoffon (1953) ina uhai kuliko zote, lakini kwa mbali inafifia. Choc, ya Excoffon huyo huyo (1955), ina unene ninaoutaka, bila mikwaruzo. Kaushan Script ni ya bure, inalala, na kingo zake zinatetereka kidogo kama za mkono. Ya tano ni mojawapo ya hizi mpya zenye mikwaruzo kila mahali. Moyo wangu uko kwa hiyo ya tano. Mnasemaje?

WinoMkavu:
Kabla ya yote, hesabu a. Jina lako lina a sita, nne kati ya hizo ziko kwenye "Maharamia" peke yake. Kama fonti ina umbo moja tu la a, mkwaruzo ule ule utajirudia mara sita pahala pale pale, na jicho litajua mara moja kwamba hakuna mkono uliopita hapo. Fonti laini husamehewa kosa hilo. Yenye mikwaruzo haisamehewi.

Tafuta yenye herufi mbadala, maumbo matatu ya a kwenda juu, na uhakikishe programu yako inazibadilisha yenyewe. Wachoraji wengi huweka mbadala za ll, tt na oo, kisha sisi tunakuja na "sanaa" na "saa" tunakuta hakuna kitu. Hili linaniuma kila ninaponunua fonti.

Mstari_Mlazo:
Usiinamishe Choc kwa kitufe cha programu. Herufi iliyosukumwa hivyo unene wake unahama: mikunjo inavimba upande mmoja na kukonda upande wa pili. Mlazo wa kweli huchorwa ukiwa umelala tangu mwanzo.

BrashiBapa:
Kuhusu hiyo ya tano, ikuze hadi herufi moja ijaze skrini. Brashi huanza imejaa, hivyo mwanzo wa mchirizi huwa mweusi tii. Ukavu huja mwishoni, ambako nywele zinaachana na kuacha nyuzi nyeupe zinazofuata mwendo wa mkono. Ukikuta vidoa vyeupe vimetapakaa sawasawa kama mchanga, hata pale brashi ilipotua, achana nayo. Huo ni uchafu ulionyunyizwa juu ya herufi.

Tena angalia ile alama ya ng'. Fonti nyingi za brashi zina koma nzuri ya chini, halafu ya juu ni kijiti kilichonyooka.

FundiStika:
Kama jina litakatwa kwa mashine ya stika, mikwaruzo ni balaa. Kila herufi ina mamia ya nukta, kisu kinakwama kwenye vipande vidogo, na kuving'oa ni kazi ya kutwa. Kwa kuchapa haina shida, ila maandishi madogo ya chini uyapange kwa fonti nyingine. Mikwaruzo ikipunguzwa sana huziba kwa wino.

KalamuNzito:
Nimeikuza. Ni mchanga mtupu, hata kwenye kichwa cha M, na a zote sita ni mapacha. Naiacha.

Nimechukua Kaushan Script, nikageuza herufi kuwa maumbo, nikapiga michirizi ishirini ya brashi kavu kwenye karatasi, nikaiskani na kukatia nyuzi hizo kwenye ncha za herufi, kila a na yake. Alama ya ng' nimeipiga kwa brashi yenyewe. Leseni huria ya Kaushan Script inaruhusu kuibadilisha fonti na kuitumia kwenye kazi ya malipo.

WinoMkavu:
A ya mwisho ya "Maharamia" uiache kavu kuliko zote. Hapo ndipo mkono ungekuwa umeishiwa wino.