Mnaokata kingo za kadi za T206, huo ni wizi!

Wakuu, niko Marekani na nakusanya kadi za besiboli za enzi za sigara. Tunaofuatilia mambo haya kwa Kiswahili ni wachache, lakini leo nina hasira na nataka kuitoa kwa lugha yangu.

Kwa wageni: kuanzia 1909 hadi 1911 kampuni ya American Tobacco ilikuwa ikitia kadi za wachezaji kwenye pakiti za sigara. Mbele picha ya rangi, nyuma tangazo la chapa ya sigara: Piedmont, Sweet Caporal, Old Mill na nyingine. Ziko aina zaidi ya 500, na jina T206 lilitoka kwenye katalogi ya Jefferson Burdick, mkusanyaji wa Syracuse. Kadi moja ina upana wa inchi 1 na 7/16 na urefu wa inchi 2 na 5/8. Shikeni vipimo hivyo, ndipo ugomvi wangu ulipo.

Nimenunua kadi ya Mordecai Brown, mrushaji wa Chicago Cubs, ile ambayo jezi yake imeandikwa Chicago kifuani, nyuma Piedmont. Brown alikatwa kidole na mashine ya shambani akiwa mtoto kule Indiana, na mkono huohuo ndio uliokuja kuwasumbua wapigaji kwa mipira ya kupinda. Nilimtamani muda mrefu. Muuzaji aliandika kwamba kingo ni za asili na kadi haijaguswa, na bei akaipandisha kulingana na maneno hayo. Nikalipa.

Kadi imefika, nimeiweka chini ya lenzi. Uso umegeuka rangi ya chai hafifu, kama karatasi yoyote ya zaidi ya miaka 100. Kingo tatu zina rangi hiyohiyo na zimelainika kwa kushikwashikwa. Ukingo wa kulia ni mweupe pe! Nyuzi za karatasi zimekatwa wima, pembe mbili za upande huo zinachoma kidole. Nimepima: upana umepungua zaidi ya milimita moja. Nikaipeleka kwa wakaguzi wanaopima hali ya kadi na kuipa alama, ikarudi haina alama, imeandikwa tu kwamba imekatwa.

Nikamrudia muuzaji kwa heshima zote. Akanijibu kwamba viwanda vya zamani vilikata ovyo. Sawa, vipimo vya kiwandani vilipishana, na kadi zenye tangazo la sigara za American Beauty zinajulikana kuwa na upana mdogo tangu mwanzo. Lakini yangu ni Piedmont! Na ni kiwanda gani hicho kilichokata pande tatu mwaka 1910 kikaacha wa nne ukatwe juzi? Nilipomuuliza hivyo akasema hakuna kurudisha hela, kisha akanifungia nisimwandikie tena.

Kinachonikera kuliko hela ni kwamba watu wanajua na wananyamaza. Kadi yenye pembe zilizolika inapata alama ndogo na bei ndogo. Mtu anachukua wembe, ananyoa nusu milimita, pembe zinakuwa kali, na akibahatika wakaguzi wasione, kadi inaingia kwenye kasha la plastiki na namba kubwa. Kuanzia hapo hakuna anayeitazama kadi tena, watu wananunua namba.

Mnataka ushahidi? Angalieni kadi ya T206 maarufu kuliko zote, ya mchezaji Honus Wagner, ile ambayo Wayne Gretzky, nyota wa hoki, na Bruce McNall waliinunua kwenye mnada wa Sotheby's mwaka 1991 kwa dola 451,000. Ndiyo kadi ya kwanza kabisa kupewa alama na PSA, kampuni ya kukagua kadi, na wakaipa 8 kati ya 10. Mwaka 2007 mkusanyaji Ken Kendrick akainunua kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, mwendesha minada aliyewahi kuimiliki na kuiuza, akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo kwa mkono wake. Mwaka 2015 akahukumiwa miezi 20 jela kwa udanganyifu kwenye minada yake, ikiwemo zabuni za uongo za kupandisha bei. Sasa kama kadi namba moja ya mchezo mzima ilinyolewa na ikaendelea kuitwa lulu, huyu muuzaji wangu wa mtandaoni ataogopa nini?

Mie pembe zilizolika sina tatizo nazo. Kadi iliyokunjwa na mtoto wa Pittsburgh au Chicago, yenye doa la maji, ni kadi halali, na ningeilipia kwa furaha Brown akiwa mchakavu wa haki. Aliyemnyoa ameharibu kitu kisichochapishwa tena, na kwa upana huo hakuna wa kumrudisha alivyokuwa.

Wauzaji, kuanzia leo sinunui T206 kwa mtu asiyeweka picha ya kingo zote nne kwa karibu na kadi ikiwa juu ya rula, na naomba wanunuzi wenzangu mdai hivyohivyo. Hata iliyo kwenye kasha, pimeni. Na kwa yeyote mwenye Brown huyu wa Piedmont ambaye hajakatwa, awe amechakaa vipi, niandikie. Bado namtaka.