Kwa nini bakuli la Uchina lina karne yake na chungu chetu hakina?

Mwalimu wa Historia

Wanajamvi, hamjambo. Ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Nairobi, na mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu kutazama mkusanyo wa vyombo vya kale vya udongo. Katika kabati moja la kioo palikuwa na bakuli la kijani kutoka Uchina, kipande cha mtungi wa Uajemi chenye rangi ya samawati iliyoiva, na chungu cheusi cha kupikia. Bakuli lilikuwa limeandikiwa mahali lilikotengenezwa pamoja na karne yake, na kipande cha mtungi vivyo hivyo, lakini chungu kiliandikiwa maneno matatu tu: "Chungu cha kupikia". Msichana mmoja aliniuliza kama umri wa vyungu vyetu haujulikani, au ni kwamba hakuna aliyejali kuuliza. Nilimjibu kwa kubabaisha, na tangu siku ile swali lake halijaniacha. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze vyombo hivi hutambuliwaje, na kama chungu cha kienyeji kinaweza kusomwa kwa kina kile kile.

Msaidizi wa Machimbo

Mwalimu, salaam. Nilifanya kazi kwa miaka mingi katika machimbo ya mambo ya kale huko Pwani, na ninaliona swali la mwanafunzi wako kuwa zito kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wazima.

Bakuli la Uchina halisumbui kulitambua, kwa sababu lilitoka katika karakana kubwa zilizofanya kazi kwa vizazi vingi na habari zake zikaandikwa. Rangi ile ya kijani mara nyingi ni ya Longquan, katika mkoa wa Zhejiang. Vyombo vyeupe vyenye maua ya buluu aghalabu ni vya Jingdezhen, ambako maua yalichorwa kwa kobalti, madini yanayotoa rangi ya buluu, kabla ya chombo kupakwa maji yanayogeuka kioo motoni, kisha kikachomwa kwa joto linalokaribia nyuzi 1,300. Kitazame kigae chake pale kilipovunjika: ni cheupe na kimeshikamana kama jino, na ukikigonga kinalia. Cha Uajemi nacho kina ngozi ya kioo juu, lakini udongo wake wa ndani ni laini, wa manjano hafifu, na huacha unga kidoleni.

Chungu cha kienyeji pia kina saini yake, ila inabidi ujifunze kuisoma. Vyungu vya Urewe, ambavyo jina lao limetokana na mahali huko Siaya, vina ukingo uliokatwa bapa kwa pande kadhaa, na baadhi yao vina kibonyo kitakoni kama kilichoachwa na kidole gumba; vilianza kufinyangwa katika eneo la Maziwa Makuu kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Huku Pwani tuna vyungu vya Kwale, vya karne za mwanzo BK, kisha vikaja vile vyenye pembetatu zilizochorwa shingoni, vilivyoenea kuanzia karne ya 7 hivi hadi ya 10. Huko Manda, na Shanga katika kisiwa cha Pate, vigae hivyo vya pembetatu hutoka ardhini pamoja na vya mitungi ya Uajemi, na kwa njia hiyo kimoja hukisaidia kingine kupata tarehe. Pasipo na kigae cha kigeni, makaa yaliyobaki jikoni hupimwa kwa njia ya kaboni, yaani kiasi cha kaboni kilichosalia ndani yake huonyesha umri wake.

Katika miji yetu ya kale vigae vya kienyeji huwa ndivyo vingi mno. Nimeviosha kwa mswaki, ndoo baada ya ndoo, na katika ndoo nzima huenda ukapata kimoja tu cha kijani. Vingine vilikuwa vimechongwa duara na kutobolewa katikati, vikatumika kusokotea uzi wa pamba. Yaani chungu kilipovunjika, mwenye nyumba alikipa kazi ya pili.

Binti wa Mfinyanzi

Shikamoo Mzee, na salamu kwako Mwalimu. Mimi ni Mjaluo, na mama yangu hufinyanga vyungu. Alijifunza kazi hiyo kwa mama mkwe wake baada ya kuolewa, na ndivyo ilivyo kwa wafinyanzi wengi wa kwetu. Kwa hiyo umbo la shingo na mpangilio wa nakshi huonyesha chungu kilitoka kwa wanawake wa upande gani. Yeye huchanganya udongo wa aina mbili, hufinyanga kwa mikono mitupu bila gurudumu, na kabla chungu hakijakauka huviringisha juu yake kipande cha kamba iliyosokotwa ili kiache alama. Kisha hukichoma uwanjani kwa kuni na nyasi, bila tanuri.

Ningewaomba wanafunzi wako watazame masizi. Yakiwa kitakoni na ubavuni, chungu kilikaa juu ya mafiga. Kisipokuwa na masizi, huenda kilikuwa cha maji au cha pombe, na maneno "cha kupikia" yatakuwa makosa. Chungu cha maji hakipakwi kioo kwa sababu kinatakiwa kivuje jasho. Maji yanayopenya na kukauka kwa nje ndiyo yanayoyapoza yaliyobaki ndani. Ninaumia ninapoona sifa hiyo ikihesabiwa kuwa uduni mbele ya kauri.

Mwenyeji wa Malindi

Ninaongeza neno moja kuhusu bakuli. Huku kwetu Mambrui lipo kaburi la mnara ambalo wajenzi walilipamba kwa kupachika mabakuli ya Uchina ukutani. Bakuli la namna hiyo lilifinyangwa Uchina, lakini kazi yake ya mwisho lilipewa na Waswahili, na kibandiko kinachotaja Uchina peke yake kimeacha nusu ya habari.

Mwalimu wa Historia

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Je, iwapo chungu kiliokotwa bila maelezo yoyote, kuna pa kuanzia?

Msaidizi wa Machimbo

Anzia kwenye daftari la mapokezi, Mwalimu. Kila chombo kilichopokelewa vizuri huandikwa namba kwa wino mdogo, aghalabu chini ya kitako, na namba hiyo ndiyo inayoelekeza kwenye jina la kijiji, mwaka, na aliyekileta. Mwombe mhifadhi akigeuze chungu mbele ya wanafunzi, na umruhusu msichana yule aisome namba yeye mwenyewe.