Acheni kutuuzia farasi za karatasi: kruza iliyosifiwa Dar imekata pumzi mlima wa Inyala

Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo nimekaa nalo moyoni wiki tatu, leo nalitoa lote. Mwenye kuuza pikipiki asome, mwenye kununua asome, na wale mabingwa wa kulinganisha injini kwa namba moja wasome mara mbili.

Mimi ni mkazi wa Mbeya, niko Uyole. Mwaka huu nilitimiza nia ya siku nyingi, nikanunua kruza, pikipiki nzito ya kukaa chini kwa safari ndefu, ya mtumba kutoka Japani. Chapa yake siitaji. Nikiitaja tu, mashabiki wake na mashabiki wa chapa pinzani watarushiana maneno na hoja yangu itafia humo. Tena kiwanda sikidai kitu, kilitengeneza kilichotaka kutengeneza. Ninayemdai ni aliyeniuzia, na huyo naye simtaji jina. Anajijua.

Nilimfuata Dar. Nikamweleza wazi: naishi nyanda za juu, nitampakia mke na mizigo, safari zangu ni Makambako, Iringa, Tukuyu, Tunduma. Jicho langu lilikuwa kwenye kruza ya 650, yaani cc za ujazo wa injini, ya kampuni nyingine. Akanitolea karatasi ya farasi, yaani kipimo cha nguvu ya injini. "Kaka, soma mwenyewe. Hii ni 400, ina farasi 33. Hiyo 650 unayoililia ina farasi 40. Farasi saba tu! Umbo lile lile, uzito ule ule. Mamilioni yote hayo unaongeza ya nini?" Nikaona anasema kweli. Nikalipa.

Kutoka Dar hadi Mikumi sikuwa na neno, pikipiki inateleza kama mtumbwi. Kitonga tuliipanda nyuma ya foleni ya malori, kule kila mtu anatambaa, sikushtuka. Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, tukafika mlima wa Inyala.

Mbele yangu tangi la mafuta linaelekea Zambia, linapanda kwa kilometa 40 kwa saa hivi. Barabara imenyooka, mstari umekatika, mbele kweupe. Nikatoka kulipita. Niko gia ya nne, nikafungua mafuta mpaka mwisho. Injini ikabwabwaja, ikamisi, haivuti. Tuko ubavuni mwa tela, tairi zinazunguka usawa wa goti la mke wangu, mara basi likatokea juu linashuka kutoka Uyole, linawasha taa. Nikapiga gia mbili chini ndipo ikaamka, nikaingia mbele ya lori kwa nafasi ambayo mpaka leo nikiifikiria mikono inatoka jasho. Nyuma yangu kulikuwa na rafiki yangu tuliyefuatana naye, ana 650 kama ile niliyokatazwa. Basi lilipopita, akalipita lori lile lile bila hata kubadili gia.

Nilisimama pembeni. Mke wangu akavua helmeti, akasema, "Baba Ipyana, mimi hapa nashuka." Akashuka kweli, akasimamisha Noah, akamalizia safari ndani ya gari na begi lake mapajani. Hakunilaumu kwa neno lingine, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa wakuu, zile farasi saba ziko wapi?

Nimelisoma hili jambo mpaka usiku wa manane, na nikalipeleka kwa fundi kijana pale Mwanjelwa ambaye anazijua hizi injini. Jibu ni kwamba zile farasi 33 zipo, karatasi haikudanganya. Ziko huko juu kwenye mizunguko ya injini zaidi ya 7,000 kwa dakika, mahali ambapo mtu wa kruza hafiki labda anafukuzwa. Kinachokupandisha mlima ukiwa umetulia kwenye gia ni torki, yaani ile nguvu ya kusokota ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na cha kuuliza ni torki hiyo inapatikana kwenye mizunguko mingapi. Hesabu yake haihitaji chuo. Chukua torki kwa Nm (nyutoni mita, kipimo chake), zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawa kwa 7,023. Unapata farasi ulizonazo mkononi muda ule.

Pimeni wenyewe. Kawasaki Vulcan S, cc 649, silinda mbili zilizosimama sambamba, injini iliyotokana na Ninja 650. Karatasi inasema farasi 61, lakini kwenye mizunguko 7,500, na torki yake ya juu kabisa ni 63 kwenye 6,600. Kiwanda hicho hicho kina Vulcan 900, cc 903, silinda mbili za umbo la V, farasi 50 tu. Muuzaji wangu angesema Vulcan S inaizidi kwa farasi 11, maneno yameisha. Haya, nendeni kwenye mizunguko 3,700, ambako Vulcan 900 inatoa torki yake ya kilele, kama 78. Zidisha, gawa: farasi 41. Vulcan S hata ukiipa zawadi ya torki yake yote ya kilele hapo hapo, na haiwi nayo, haivuki farasi 33. Pale nyuma ya lori, yenye farasi chache za karatasi ndiyo yenye nguvu nyingi mkononi. Nisiidhulumu Vulcan S: ni nyepesi kwa karibu kilo 50, na ukiishusha gia ukaipigisha kelele itamwacha mwenzake. Ila ujue umenunua pikipiki ya kupigisha kelele.

Wapinzani wengine nao vivyo hivyo. Yamaha XV950, cc 942, inatoa karibu Nm 80 kwenye mizunguko 3,000 tu, sawa na farasi 34 wakati injini bado inaongea kwa sauti ya chini. Honda Shadow 750 iko kwenye Nm 65 kwa mizunguko 3,500, farasi 32. Hiyo Shadow farasi zake za karatasi ni 45 na kidogo, watu wanaicheka, wakati sehemu kubwa ya farasi hizo unazipata bila kuihangaisha injini.

Halafu kuna ugomvi wa Harley-Davidson na Indian, ambao humu nchini unafanywa na watu wengi wasiowahi kuigusa hata moja. Indian Scout ya cc 1,133, iliyotoka 2014, ina farasi 100. Sportster 1200 ya zamani ya kupozwa kwa upepo haifiki 70. Ukiishia hapo, Harley ni chuma chakavu. Lakini torki zao za kilele zinakaribiana mno, zote ziko kwenye 90 na kitu. Indian inaifikisha yake karibu na mizunguko 6,000, Harley inaitoa mapema zaidi, kwenye 4,000 hivi au chini yake. Scout inapozwa kwa maji na ina valvu nne kila silinda, inapumua vizuri ikiwa juu. Harley ina valvu mbili zinazosukumwa kwa fimbo, huko juu inaishiwa pumzi, lakini huku chini inavuta kama trekta. Ni tabia mbili tofauti. Na mjue kwamba Harley kwa miaka mingi kule Marekani walitangaza torki, farasi wakaziacha. Walijua mteja wao anaendesha wapi kwenye mshale wa mizunguko.

Hapo sijagusa mwinuko bado. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa zaidi ya 1,500, na ukielekea Chunya unavuka 2,000 na kuendelea. Hewa ya hapa kwetu uzito wake ni kama asilimia 85 ya hewa ya Dar. Pistoni inavuta ujazo ule ule, ila ndani yake oksijeni ni pungufu, kwa hiyo injini yoyote isiyo na tabo (ile pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini) inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Haikwepi Harley, haikwepi Honda. Zile 41 za Vulcan 900 zinakuwa 35, za Shadow zinakuwa 27. Injini kubwa inabaki na akiba. Ya 400 iliyobeba watu wawili inabaki na nini? Namba za karatasi zote zinapimwa au kurekebishwa kwa hewa ya karibu na usawa wa bahari. Muuzaji anamsomea mtu wa Uyole namba za Kigamboni, tena baada ya kuambiwa kabisa kwamba mteja anaishi Uyole!

Na yangu ni ya kabureta. Kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Hewa inapungua uzito, petroli haipungui kwa kiasi kile kile, mchanganyiko unakuwa mzito. Hizi kabureta za ombwe, zinazofunguka kwa mvuto wa hewa ya injini, zinajirekebisha kidogo, hazimalizi tatizo. Fundi alipochomoa plagi zilikuwa nyeusi tii kama sufuria ya kuni. Akaniangalia. "Kaka, hii ilifungwa ya pwani, na ndani ni 400 iliyovaa koti la kaka yake." Akabadilisha jeti kuu, kile kitundu cha kupitishia petroli, akaweka ndogo zaidi, kumisi kukaisha na mafuta yakaacha kuliwa hovyo. Nguvu iliyopotea kwa hewa haikurudi, na hairudi. Mwenye pikipiki ya nozeli, inayopuliziwa petroli kwa kompyuta badala ya kabureta, yeye ana sensa inayopima shinikizo la hewa na kupunguza petroli yenyewe, hivyo haisumbui, lakini naye asidanganywe kwamba nguvu yake iko kamili. Na ukishaweka jeti ndogo, usiende nayo Dar hivyo hivyo. Kule itachoma mafuta pungufu, injini itachemka.

Kuhusu hilo koti: Japani leseni ya kati inaishia cc 400, ndiyo maana viwanda vyao vikubwa vyote vinne, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, vilitengeneza kruza za 400 kwa soko la nyumbani, na baadhi zilivaa umbo la ndugu zao wa 600 au 650. DragStar 400 na DragStar 650 ukiziweka bega kwa bega inabidi uangalie sana, wakati moja ina cc 399 na nyingine 649. Kwa Mjapani wa mjini ni pikipiki safi kabisa. Uzito wa mkubwa, mapafu ya mdogo, ndiyo tunayoletewa tuipandishe Inyala, na muuzaji anaona sifa kutuambia "umbo lile lile".

Na msiniambie nikate eksozi. Mmoja hapa mtaani kakata yake, mtaa mzima hulala kwa shida, na mlimani hapandi hata hatua moja zaidi.

Nyongeza, saa 2 usiku: mdau ameuliza kama Royal Enfield Meteor 350 inafaa huku, maana farasi zake ni 20 tu. Torki yake ni 27 kwenye mizunguko 4,000, farasi 15 hivi, yaani robo tatu ya nguvu yake unaipata mapema, na ni ya nozeli. Ya peke yako Mbeya hadi Tukuyu utafurahi. Ukiwa na abiria na begi, milimani utaishi gia ya tatu, na kwa bei na ukubwa wake hakuna aliyekudanganya.

Mwingine ameniambia niache kulialia, nilitakiwa kujua mwenyewe. Mkuu, nilimweleza muuzaji naishi wapi na nambeba nani. Angenijibu "hii haitakufaa", ningemwachia hata hela ya soda na kumshukuru. Nimempigia simu mara nne tangu hapo, mara ya mwisho kanijibu "mbona wengine hawalalamiki" akakata.

Ninachotaka kwa wauzaji wote wa pikipiki kubwa: kwenye tangazo andikeni torki na mizunguko yake pembeni ya farasi, cc halisi iliyoandikwa kwenye injini, na kama ni kabureta au nozeli. Mstari mmoja tu.

Jumamosi saa 1 asubuhi nitakuwa Uyole njia panda ya Tukuyu na 400 yangu, rafiki yangu na 650 yake, na jamaa mmoja wa Nzovwe mwenye Shadow. Tutapanda hadi Isongole kwa gia ya juu kutoka kilometa 60 kwa saa, kila mtu na abiria, abiria ndiye mwenye saa. Mwenye kruza ya chapa nyingine aje. Matokeo nitayaweka hapa hapa, yakinipinga nitayaweka vile vile.