Mrejesho: maji kwenye ngama, na kusubiri nangani

Ndugu zangu, niliuliza kama maji yanayojaa kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ya mashua yangu ya tanga yanalazimisha kuipandisha nchi kavu, na pia namna ya kuukabili upweke wa kusubiri nangani. Asanteni mno. Aliyesema nianzie pale shafti ya rafadha (panga linalosukuma chombo) inapotokea, alilenga penyewe.

Pakingi, yaani pete laini zinazozuia maji kupenya kando ya shafti, ilikuwa imekauka, maji yakichuruzika hata injini ikizimwa. Tumeibadilisha mashua ikiwa majini: jirani wa chombo cha pili alipiga mbizi akaifunga shafti kwa nje kwa nailoni, mimi ndani nikapanga pete mpya, maungio yasikutane upande mmoja. Nati nimekaza taratibu. Sasa ni tone mojamoja shafti ikizunguka, ikisimama, pakavu. Nimeigusa baada ya kuendesha, vuguvugu tu.

Kuhusu upweke, kazi hiyo ndiyo iliyotufungulia mlango. Jioni tunakutana chombo hiki au kile, watoto wanaogelea, wakubwa tunaazimana vifaa na kusimuliana njia. Jirani yule nimemsaidia kushona tanga lake.

Zinki, kipande cha madini kinachoachwa kiliwe na kutu badala ya shafti na rafadha, imelika karibu yote. Hiyo itangoja hadi tupandishe chombo.