Riwaya ya Australia ya kikoloni: nianzie Sydney, Ballarat au jangwani?

KalamuYaTanga
Habari zenu wanajukwaa. Miaka miwili nasoma habari za Australia ya wakoloni kwa ajili ya riwaya. Daftari limejaa, sura ya kwanza haijaandikwa. Nina visa vitatu, naomba mnisaidie kuvipima.

Cha kwanza ni cha John Caesar, mtu mweusi ambaye inasemekana alizaliwa Madagaska. Alihukumiwa Maidstone, Uingereza, mwaka 1786 kwa wizi, akapakiwa kwenye Alexander, mojawapo ya zile merikebu 11 zilizofikisha Sydney wafungwa wa kwanza kutoka Uingereza, Januari 1788. Njaa haikumpa raha: posho ya siku mbili aliweza kuimaliza kwa siku moja. Akaiba, akatoroka porini, akakamatwa, akatoroka tena. Februari 1796 alipigwa risasi na mtu aliyefuata zawadi ya galoni 5 za pombe kali.

Cha pili ni uasi wa wachimbaji dhahabu pale Ballarat, 1854, nikimfuata John Joseph, Mmarekani mweusi aliyeshtakiwa kwa uhaini.

Cha tatu ni Waislamu walioongoza misafara ya ngamia jangwani, kuanzia miaka ya 1860.

Kipi kinaweza kubeba riwaya nzima?

MtuWaMachimbo
Ballarat, kaka, wala usihangaike. Mimi nimekulia Geita. Lugha ya kazi hiyo tunayo mdomoni tayari: duara (shimo la kuchimbia), kitalu, wachimbaji wadogo, kamba inayokatika mtu akiwa chini. Msomaji wako hatahitaji kuelezwa uchungu wa kulipia leseni wakati duara halijatoa hata chembe, halafu askari anakuja kukukagua kama mwizi. Pale walikaguliwa mpaka wakachoma leseni zao hadharani. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba wanajeshi wakawavamia ndani ya boma lao la magogo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Washtakiwa 13 wa uhaini waliachiwa wote, na Joseph alipotoka mahakamani Melbourne, umati ulimbeba juu juu barabarani. Unataka nini zaidi?

BintiWaMvita
Nataka asubuhi ya siku ya pili, ndugu yangu. Vita vyenyewe havikufika hata saa moja. Ni kilele kizuri, lakini riwaya inahitaji miaka.

Mimi moyo wangu uko kwa wenye ngamia. Huku Mombasa tumekua na Wabulushi, mababu zao waliletwa kuwa askari wa Waarabu wa Oman. Kule Australia Wabulushi walikwenda pia, pamoja na watu wa Sindh, Punjab na Afghanistan, na wote wakaitwa Waafghani tu. Walibeba sufu, maji, nguzo za telegrafu. Walikwenda kwa mkataba, bila wake zao. Mwisho wa miaka ya 1880 walijenga msikiti Adelaide. Hebu mfikirie mtu amefunga Ramadhani, yuko safarini kuelekea Marree, mji wa jangwani, na kisima cha mbele amesikia kimekauka. Hiyo kwangu ni sura nzima, na Kiswahili kinaiweza bila kutoa jasho.

Mkutubi_Dodoma
Salaam kwenu. Naomba tuangalie pia vyanzo, maana hapo ndipo visa hivi vinapotofautiana sana.

Magazeti ya zamani ya Australia yanasomwa bure kwenye Trove, ya maktaba yao ya taifa. Ballarat utaipata kwa wingi hadi uzame, na faida yake ni kwamba utajua hata bei ya mkate. Hatari yake ni kunakili. Wenye ngamia wamo pia, ila mara nyingi wanasemwa na watu waliowachukia. Caesar hana gazeti hata moja: gazeti la kwanza la Sydney lilitoka 1803, yeye amekufa miaka saba nyuma. Utabaki na maandishi ya maofisa kama David Collins, ambao hawakumwona kama mtu kamili. Ukimya huo ndio kazi ya mwandishi.

Lakini kuna jambo linaniuma. Katika visa vyote vitatu, kaka, nchi umeiacha tupu, kama haikuwa na wenyewe. Sydney ilikuwa ya Wagadigali. Ndui ya 1789 iliwafyeka mbele ya macho ya Caesar. Na mwaka 1795 habari zilienea kambini kwamba Caesar amemjeruhi vibaya Pemulwuy, shujaa aliyekuwa akiwapiga wakoloni. Watu wawili waliowindwa na bwana mmoja, wakaumizana. Kama kuna riwaya humu, iko hapo.

Tafuta pia daftari za William Dawes, ofisa aliyefundishwa lugha ya Sydney na msichana aitwaye Patyegarang, 1790 na 1791. Kuna kitenzi pale, putuwa: kupasha mkono moto kisha kuminya taratibu vidole vya mwenzio. Sisi hatuna neno moja la hilo. Ila usijitie ndani ya kichwa cha Patyegarang ukasema kwa "mimi". Watu wake wapo hai, na habari hiyo ni yao kuisimulia.

MtuWaMachimbo
Hapo kwa Pemulwuy umeninyamazisha, mkutubi.

BintiWaMvita
Nami pia. Ila wafungwa wake wa London wasiongee Sheng, tafadhali. Nimechoka kusoma karne ya 18 inayoongea kama kituo cha matatu.

KalamuYaTanga
Ahsanteni sana, nimesoma majibu yenu usiku mzima. Ni Caesar. Nilikuwa namwogopa Pemulwuy, ndiyo maana sikumtaja. Sasa naona nilikuwa naukimbia moyo wa kitabu. Wagadigali tutawaona kwa macho ya Caesar tu, pamoja na yale anayokosea kuyaelewa. Ngamia, dada, nawatunzia kitabu kijacho.

Alipotoroka mara ya kwanza, 1789, alichukua chakula, bunduki ya askari na chungu cha chuma. Bunduki naielewa. Sura ya kwanza nitaianza na kile chungu, usiku, mtu ameketi peke yake katika nchi ya watu, hajui moto wake unaonekana na nani.